Nilivyouziwa mahindi Tunduma kwa jina la kahawa ya low acid, na kilichonikasirisha zaidi nilipofika kwa baba yangu Mbozi

Wakuu, salaam kwenu wote, wa huku boda na wa huko mbali.

Mada yangu ni kahawa na tumbo. Ninaandika nikiwa nimekasirika, kwa hiyo nikiteleza kwenye lugha mnivumilie. Ila ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, sijasikia kwa jirani na sijaongeza chumvi.

Kwa wasionifahamu, mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Nahangaika na makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia.

Kazi hii inaendeshwa na kahawa. Mfumo ukigoma, unakunywa kahawa. Dereva akikutukana kwa Kibemba, unakunywa kahawa. Mteja wa Dar akipiga simu kuuliza mzigo wake umefika wapi, unaongeza kikombe kingine.

Basi tumbo nalo likaamua kusema.

Kilianza kiungulia cha kawaida, nikawa natafuna vidonge vya dukani. Kikazidi, nikawa nalala nimeegemea mito kama mgonjwa wa wodini. Nikaenda hospitali, wakanipima, wakaniambia asidi imezidi na ukuta wa tumbo umeanza kuchubuka.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akanipa dawa na masharti. Pilipili acha, nikaitikia. Soda acha, nikaitikia. Kula na kulala hapo hapo acha, nikaitikia.

"Na kahawa uache, angalau kwa sasa."

Hapo sikuitikia.

(Wale wa "si uache tu unywe uji" nawaona mnavyokuja mbio. Tulieni, nawaeleza.)

Mimi ni mtoto wa Mbozi, kijiji cha ndani ukitokea Nanyala. Baba yangu ni mkulima wa kahawa mpaka leo. Mama alishafariki, na tangu amzike mama, mzee amekuwa mtu wa maneno machache mno.

Jumapili akitoka kanisani nakuwa nimeshafika. Anachemsha kahawa kwenye sufuria, tunakaa nje ya nyumba, tunakunywa huku tunaangalia shamba. Anaweza asiseme kitu mpaka sufuria iishe, halafu ananiaga. Mimi narudi Tunduma nikiwa na amani kabisa.

Sasa niache kahawa, halafu niende kufanya nini pale? Tutazamane?

Ndiyo maana nikaanza kutafuta kahawa yenye asidi kidogo. Nilisoma mtandaoni kwamba zipo, wenzetu huko nje wanawauzia watu wenye matumbo kama langu, na ladha inabaki. Nikauliza uliza hapa mjini, nikaelekezwa kwa jamaa mmoja anayeuza virutubisho na vipodozi.

Pakiti yenyewe ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Imeandikwa LOW ACID kwa herufi kubwa, na picha ya Mzungu anatabasamu ameshika kikombe.

"Hii, boss, ni ya watu wa tumbo," jamaa akaniambia. "Inapitia Nakonde, ng'ambo ya boda, haipatikani ovyo ovyo."

Bei siitaji, mtanicheka.

Nikaanza kuinywa. Kusema kweli tumbo lilitulia kidogo, nikafurahi. Lakini ladha sasa! Nikawa najipa moyo kwamba labda kahawa za hivi ndivyo zilivyo. Mpaka siku mke wangu aliponusa kikombe akaniuliza nani kaunguza ugali.

Nikashtuka. Nikachukua glasi ya maji baridi, nikamwagia kijiko cha ule unga juu. Sisi tuliokulia kwenye kahawa tunajua hili toka utotoni: kahawa ya kweli iliyosagwa huelea kwanza, na maji hukawia kubadilika rangi. Ile ilizama yote, na maji yakawa kahawia pale pale.

Mahindi. Mahindi ya kukaanga yakaungua, yakasagwa, yakapewa picha ya Mzungu.

Nikaenda dukani kwake. Nikamwambia ndugu yangu, umeniuzia mahindi. Mnajua alinijibu nini?

"Boss, wewe si ulitaka isiyo na asidi? Sasa mahindi yana asidi gani?"

Wateja wakacheka. Wakuu! Mtoto wa mkulima wa kahawa, ndani ya mkoa wa Songwe, nauziwa mahindi kama kahawa, halafu muuzaji ananifundisha sayansi! Nilimwambia maneno ambayo humu yatafutwa. Wateja wakanitoa nje kwa kunibembeleza kama mlevi.

Jumapili nikaenda kwa mzee nikiwa bado nafuka. Tumbo lilikuwa limeamka vibaya. Akanimiminia kikombe, nikamwambia leo sinywi.

Akanitazama. "Unaumwa?"

"Tumbo, baba. Daktari kasema niache kahawa."

"Kwa hiyo kahawa yangu ndiyo inakuumiza."

"Si yako baba, ni kahawa zote."

Akaweka sufuria chini. Akakaa. Akasema, kwa sauti ile ile anayoombea sukari, "Basi nitaing'oa."

Nikadhani utani, lakini baba yangu hana utani. Kumbe jamaa wa miche ya maparachichi alikuwa ameshampitia. Majirani wengi wameshang'oa mibuni, wamepanda parachichi. Yeye alikuwa anasita kwa sababu ile mibuni aliipanda pamoja na mama, walipooana tu, shamba likiwa bado pori.

"Mwenzangu hayupo," akasema. "Na wewe hunywi. Namlimia nani?"

Wakuu, hilo swali lilinichoma kuliko asidi. Nikamwomba asing'oe kitu mpaka nirudi wiki inayofuata. Hakukubali na hakukataa. Nikabeba mfuko wa kahawa mbichi anayotumia nyumbani, nikaondoka.

Kule mtandaoni nilikuwa nimesoma mambo mawili: kahawa ikaange mpaka iwe nyeusi kiasi, na badala ya kuichemsha, iloweke kwenye maji baridi usiku kucha. Ukali unapungua. Nikafanya vyote. Nikanywa.

Ikachoma vile vile. Na ilikuwa chungu, halafu chachu, chachu ya kitu kilichooza.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilimwaga zile buni mbichi zilizobaki kwenye ungo, nikaziangalia moja moja.

Kuna zilizochumwa bado changa. Kuna zilizotobolewa na wadudu. Kuna nyeusi tii zilizochacha kupita kiasi, na vipande vipande. Nzima kabisa ilikuwa ya kutafuta.

Nikaomba ruhusa Jumamosi, nikarudi kijijini.

"Baba, hii kahawa ya kwenye mfuko ni ipi?"

"Ya nyumbani."

"Na nzuri iko wapi?"

Akanishangaa. "Nzuri ni ya kuuza."

Nisikilizeni hapa, hasa msiotoka maeneo ya kahawa. Ukishachuma, unamwaga kwenye maji. Nzito zinazama, hizo ndizo zinamenywa, zinaoshwa, zinaanikwa vizuri, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika kuuzwa. Zinazoelea unaziondoa. Halafu kwenye kichanja cha kuanikia unachambua tena, mbovu unatupa pembeni. Ile inayoelea na ile ya pembeni, zinatwangwa kwenye kinu, na hiyo ndiyo tunayoita kahawa ya nyumbani.

Makapi, wakuu. Nimekulia kwenye makapi na nikayapenda.

Wala si kwetu tu. Nenda nyumba hadi nyumba kijijini kwetu, ni hivyo hivyo, na hakuna anayeshangaa. Mgeni akija anakaribishwa makapi kwa heshima zote.

Magunia ya nzuri yalikuwa stoo yakisubiri kupelekwa. Nikamwambia mzee anipe kidogo nijaribu. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Unataka kunywa ada ya shule?"

"Ada gani, baba? Mimi nina watoto. Nilishamaliza shule!"

"Hiyo haiguswi. Haijawahi kuguswa."

"Ndiyo ninachouliza mimi! Kwa nini haijawahi? Nani alikataza?"

Tukapigishana kelele, mimi na baba yangu, mpaka jirani akachungulia. Sijivunii. Lakini nilikuwa na hasira ya mahindi, hasira ya tumbo, na hasira ya mibuni inayotaka kung'olewa na mtu ambaye hajawahi hata kujua inazaa nini. Mwisho akanitupia ufunguo wa stoo, akaenda zake shambani.

Nikachota. Nikatwanga maganda yatoke, nikapepeta, nikakaanga taratibu kwenye chungu mpaka ikawa na rangi ya chokoleti nyeusi, bila kuiunguza. Nikasaga chenga chenga, si unga. Nikaloweka kwenye ndoo ndogo yenye maji ya baridi, nikafunika.

Asubuhi mzee akaenda kanisani bila kunisemesha. Nikachuja kwa kitambaa safi, nikapasha kidogo tu isichemke. Nikala kwanza viazi, maana tumbo tupu na kahawa ni ugomvi. Nikanywa.

Wakuu. Ilikuwa laini. Ina utamu wa mbali kama sukari guru, na harufu ya karanga zinazokaangwa. Sikuweka sukari. Nikakaa nikisubiri moto upande kifuani, haukupanda.

Mzee akarudi, akakaa mahali pake. Nikammiminia bila kusema neno. Akaonja. Akakiangalia kikombe, akaonja tena.

"Hii ni yetu?"

"Ni yetu, baba."

"Ndiyo hii tunayowapelekea?"

"Ndiyo hiyo."

Akamaliza kikombe, akakiweka chini. Halafu akasema:

"Mama yako hakuionja hii."

Wakuu, ni kweli, na hapo ndipo panapouma.

Kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anachambua. Mikono yake ndiyo iliyotenga nzuri na mbovu, msimu hadi msimu, jua kali, mgongo umeinama. Nzuri aliifunga kwenye magunia ya watu asiowajua. Mbovu akaipika, akatugawia, akanywa iliyobaki kwenye sufuria. Amekufa akiamini kwamba kahawa ina ladha ile.

Yule tapeli wa mahindi nilishamsamehe, nusu. Hili la mama sijui nimkasirikie nani. Hakuna aliyekataza. Hakuna sheria. Tulijinyima wenyewe, tukaona ndiyo akili.

Jamaa wa parachichi alikuja wiki iliyofuata. Mzee alimkaribisha vizuri, akampa kikombe cha ile nzuri, kisha akamwambia miche yake aipeleke kwingine. Na gunia moja amelihamisha kutoka stoo, liko chumbani kwake. Nilipomuuliza ni la nani, akasema ni la nyumbani.

Nilichojifunza, wenye matumbo kama langu: kabla hujakimbilia pakiti za dhahabu, angalia kwanza buni zako. Tafuta iliyoiva na iliyochambuliwa, kaanga ikolee, loweka kwenye maji baridi, kunywa ukiwa umekula, na usizidishe. Mimi sasa ni kikombe kimoja kwa siku na dawa nilimaliza. Mimi si daktari, asidi haijaisha yote, na kama unatapika damu au umekonda ghafla toka humu nenda hospitali.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Ileje, wa Kyela wenye mpunga, wa kusini wenye korosho, wafugaji, wavuvi, wote. Nataka jibu la kweli moja tu: kile kizuri mnachozalisha, mama zenu wamewahi kukionja?

Kama bado yupo hai, usinijibu mimi kwanza. Nenda kampikie.