Mjane wa Kichina na Nguo Zake Nyeupe

Nina hasira hadi leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Tangu ruksa ya biashara huria ije, mitumba imejaa Korogwe. Humo nikaokota riwaya ya Kiingereza ya mauaji ya China: mkulima kauawa kijijini, askari kanzu katoka mjini kumsaka muuaji. Kila Jumamosi nilikwenda Magoma kumsomea shangazi yangu, aliyekaa eda baada ya kufiwa na mumewe. Nilitafsiri, majirani wakisikiliza.

Tukafika mazikoni. Mke wa marehemu kavaa nyeupe tupu! Nikapandwa na hasira, nikatoa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika ukurasani: MUUAJI NI MKEWE.

"Udongo wa kaburi haujakauka, mwenzenu kashajipamba kama bibi harusi!" nikafoka. "Mnataka ushahidi gani tena?"

 Akina mama wote walikuwa wakimtazama shangazi pale mkekani, nami nikamtazama: gauni jeupe, mtandio mweupe, mwezi wa tatu sasa.

"Haya, mwalimu," akasema taratibu. "Na mimi mume wangu nilimuulia nini?"