Nilivuka Nakonde kutafuta dawa ya hedhi ya binti yangu, swali lenyewe nikashindwa kumuuliza

Wakuu, habari za mchana. Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, ila leo jambo limenibana kifuani. Nitalieleza lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina mgahawa wa supu hapa Tunduma. Mke wangu alifariki, nimebaki na binti yetu, yuko fomu three.

Kila mwezi siku zake zikifika, shule hakuna. Siku mbili, tatu, amejikunja kitandani. Walimu wameshaanza kulalamika, na mwakani ana mtihani wa taifa.

Sasa kwetu baba hamuulizi binti habari za hedhi. Hiyo ni kazi ya shangazi. Dada yangu anaishi Mbebe, kule Ileje, kwa hiyo mambo yote yalikuwa yanapitia kwenye simu yake.

Mteja wangu mmoja wa Nakonde, ng'ambo tu hapo upande wa Zambia, akaniambia, "Mukwai," ndivyo wanavyomwita mtu kwa heshima, "kuna mama anatibu kwa homiopathi. Mabinti wengi wanamsifu."

Mimi ni mtu wa kudadisi, nikavuka.

Aisee, yule mama anauliza! Maumivu yanaanzia wapi? Akikandwa na maji ya moto anapata nafuu? Damu ni nyingi au kidogo? Analia au anakasirika? Sikuwa na jibu hata moja. Akaniandikia maswali kwenye karatasi nikaulize nyumbani.

Nikampigia dada, dada akampigia binti. Fikirieni: binti chumbani, mimi sebuleni, swali linakwenda Ileje na kurudi.

"Ni ya kawaida tu, kaka," dada akasema. "Damu kidogo."

Kesho yake nikapeleka majibu, nikapewa vidonge vidogo vyeupe kama punje za ulezi. Unaweka chini ya ulimi, usivishike kwa mkono, usinywe kahawa. Nilikionja kimoja, sukari tupu.

Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema dawa inazimuliwa tena na tena, na kadiri inavyozimuliwa ndivyo inavyopata nguvu. Wakuu, mimi nikizimua supu hivyo, madereva wa malori watanirushia bakuli. Lakini nikasema tujaribu.

Mwezi wa kwanza binti akasema afadhali. Nilifurahi sana, nikamsimulia kila mteja.

Mwezi wa pili akaanguka bafuni.

Nilimkuta sakafuni, midomo imepauka. Niliogopa vibaya mno. Hapo mila ikanitoka kichwani, nikamuuliza mwenyewe, "Mwanangu, damu inatoka kiasi gani?"

Akanijibu huku ameangalia ukuta. Pedi inajaa ndani ya saa moja. Na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuanguka.

Hospitali wakapima, damu iko chini sana. Akapewa dawa za kuongeza damu, za kupunguza hedhi, na za maumivu ambazo anaanza kumeza mapema kabla hayajakolea. Ultrasound tutarudi kufanya siku nyingine. Daktari alisema vile vidonge havina ushahidi wa kutibu, na maumivu hubadilika mwezi hadi mwezi, ndiyo maana nilidhani vimefanya kazi.

Nikampigia dada kwa hasira. Akalia. Kumbe alielezwa yote akayaficha.

"Watu wakisikia watasema ana tatizo la kizazi, kaka. Nani atamuoa?"

Najua anampenda. Ila bado nina hasira naye, siwafichi.

Yule mama wa ng'ambo alizimua dawa, sisi tulikuwa tumeshazimua majibu. Sasa mwezi ukikaribia namuuliza binti mwenyewe. Aibu ipo, tunaenda nayo hivyo hivyo.

Akina baba wenye mabinti, nyie mnaanzaje mazungumzo haya? Na waliowahi kutumia homiopathi, nielezeni ilikuwaje, nataka kujua kweli.

Naomba hili mlichukue kwa uzito. Tulipokuwa tunatoka hospitali, binti aliniambia, "Baba, nilijua shangazi amekuambia kila kitu. Nikafikiri umeamua tu nivumilie."