Simu Inasema Magotini, Maji Yako Kiunoni

Admin, nifichie jina na kijiji, maana ukweni kwangu wote wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeishia kidato cha nne, nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kike, anaanza darasa la kwanza shule ikifunguliwa Jumatatu. Mdogo bado ananyonya na usingizi hanipi, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Tunalima ufuta na korosho, bara ya Kilwa, upande wa Njinjo. Kati ya kwetu na shule na zahanati kuna mto, na daraja hakuna.

Zamani mto huo tulivuka kwa kuulizana. Ukifika ukingoni unakaa, unamngoja mtu atokee ng'ambo. Akishavuka unamuuliza, "Yamekufika wapi?" Naye anakuonyesha nguo ilipolowa: kifundoni, magotini, kiunoni. Hapo ndipo unaamua kuingia au kurudi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi za kompyuta Dar. Yeye na wenzake wakatutengenezea programu ya simu, bure, hawalipwi na mtu. Hata ndani yake wameiacha wazi, mwenye ujuzi yeyote aingie arekebishe. Vijana wa karibu na kivuko wanatuma kipimo, na simu yako inakuandikia, "Kifundoni. Vuka," au "Kiunoni. Usivuke." Nilimwombea dua shemeji. Mpaka leo namwombea.

Mwezi uliopita, mvua zimeanza, natoka kliniki na mtoto mgongoni. Pale bondeni mtandao haushiki. Natazama simu, imeandika, "Magotini. Vuka." Ng'ambo hapakuwa na mtu, na siku hizi nani tena anamngoja mtu? Nikaingia. Sikufika mbali, maji yakanipanda kiunoni. Nikahisi miguu ya mtoto imegusa maji, akashtuka, akanishika nywele. Mchanga ukawa unaondoka chini ya nyayo zangu. Nilirudi kinyumenyume, sijui nilirudije. Nilipopanda mlimani simu ikapata mtandao, ikalia, na lile neno likageuka nikiliangalia: "Kiunoni. Usivuke." Kumbe ikikosa mtandao inabaki na kipimo cha zamani, na haikuambii kwamba ni cha zamani.

Nilimwandikia shemeji peke yake, kwa adabu, nikimwomba simu ikikosa mtandao iandike neno "zamani". Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Ndipo nikaandika kwenye grupu la kijiji: jamani, ile programu ina kasoro, msiiamini pale bondeni, na waliotengeneza tunaomba warekebishe.

Weee! Nilichokitafuta nilikipata. "Kitu cha bure unataka na risiti?" "Mama, nunua helikopta." Mwingine akaandika, "Ukipewa ubwabwa wa sadaka huwa unakagua sufuria?" Nikamjibu, "Chakula kikiwa na jiwe nitatema, ninyamaze. Kikiwa na sumu nawaambia wenzangu wasile." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana wakasema nimemwita shemeji mtia sumu.

Shemeji akapiga simu. "Shem, iko wazi ile, si urekebishe mwenyewe?" Nikamwambia, "Shemeji, mimi najua kufungua na kusoma. Ningejua zaidi ya hapo ningekusumbua?" Hapo sauti yake ikabadilika. "Unajua natoka kazini saa ngapi? Mke wangu mjamzito. Wengine wananitukana mimi tangu asubuhi, na wewe ndiye uliyewafungulia mlango. Kuweka hilo neno 'zamani' si jambo la dakika mbili. Nikiona lalamiko jingine naizima, mkaulizane huko mtoni kama mwanzo." Nilimwonea huruma, wallahi. Nilisikia kabisa mtu amechoka kama mimi. Lakini kuchoka kwake hakupunguzi maji.

Vijana wa kivukoni nao wamesusa. Wanasema hawalipwi halafu wanasimangwa, kwa hiyo kipimo wanatuma wakijisikia. Mama mkwe akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Marahaba yake ilitoka nusu. "Mwanangu anajitolea kwa ajili yenu, wewe unamvunja moyo mbele za watu. Utaomba radhi kwenye grupu, kabla ya Ijumaa." Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Tulipofika nyumbani akachukua simu yangu, akaufuta ule ujumbe. "Mama watoto, tuishi na watu," akasema. Yeye ndiye atakayempeleka binti shule kwa pikipiki, kwenda na kurudi, na kabla ya kuingia majini huwa anatazama simu. Nimemwambia amngoje mtu. Anacheka: "Nimkalishe mtoto ukingoni kwa sababu ya woga wako?"

Nikiomba radhi, hakuna atakayekumbuka kasoro ile, na shemeji hataigusa. Nikikataa, ataizima, na siku mtu akizama nitaambiwa mimi ndiye niliyewanyima watu kipimo. Mvua ya hapa ni ndogo, lakini juu huko kumekuwa kweusi tangu juzi, na mto wetu haujazwi na mvua ya hapa.

Jana asubuhi binti yangu alichukua simu kibarazani. Bando lilikuwa limekwisha. Alikuwa anajivunia, nimemfundisha herufi mwenyewe. Akaweka kidole kwenye kioo. "Mama, najua kusoma! Vu-ka. Vuka!" Ndilo neno la kwanza mwanangu kulisoma bila kusaidiwa. Nilimkumbatia, nikampongeza, na huku nyuma ya nyumba nikiusikia mto unanguruma.

Ndugu zangu, mliolelewa kwa vya kupewa kama mimi, je, aliyepewa bure hana haki ya kusema hiki kitatuua? Niandike radhi ninyamaze, au niurudishe ule ujumbe nichukiwe na ukoo mzima? Nishaurini mapema. Jumatatu haiko mbali.