Hando la Nyevu Kwenye Boneti

Watu wa Mnarani walimcheka Nyevu siku alipomruhusu mkwewe ajenge banda la magari uwanjani kwake. Mwanamume mzima, tena wa bara, akae kwa mama mkwe! Nyevu akawajibu palepale kisimani, ndoo kichwani: "Wakwe zenu nyinyi mnawaona lini? Siku ya matanga, wamekuja kula wali. Wangu kila asubuhi ananipasulia kuni." Wakageukia ndoo zao. Mdomo wa Nyevu ulikuwa haulazi deni.

Huyo mkwe ni Kamande, mume wa Kache. Alishuka pwani mwaka wa sabini na tisa, akapata kazi ya kuosha magari hotelini Malindi. Huko kulikuwa na fundi mmoja Mtaliano, mzee mwenye makelele, na huyo ndiye aliyemfunza kwamba rangi ya gari ikipauka haijafa. Imekufa ngozi ya juu tu. Ukiikwangua hiyo ngozi kwa dawa yake, taratibu, mkono ukizunguka kama wa mwanamke anayesaga, chini unaikuta rangi nzima inakungoja. Ukizidisha, umefika kwenye bati, na hapo usimtafute mchawi.

Hoteli ilipopunguza watu, Kamande akavuka feri na begi moja, mikebe miwili ya dawa, na mke. Kazi yake ya kwanza ikawa kukaa pale kivukoni kutazama foleni. Magari yanangoja feri saa nzima, saa mbili, yanapigwa na jua na ule moshi wa chumvi utokao majini, mapaa yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga. "Mama," alimwambia Nyevu, amesimama mbali kwa heshima kama inavyompasa mkwe, "haya magari yote ni magonjwa. Nipe kivuli tu niyatibu."

Nyevu akampa kivuli. Uwanja ule aliachiwa na marehemu mumewe, aliyemaliza mgongo wake kwenye mashamba ya mkonge. Kamande akasimamisha nguzo za mvinje, akaezeka makuti. Kumbe makuti yanapukutisha vumbi, na vumbi moja tu likiingia chini ya kitambaa linachora rangi kama ukucha wa paka. Akashona magunia, akayatandaza chini ya paa lote. Sakafu akaipiga kwa udongo, akawa anainyunyizia maji kila asubuhi ili vumbi lilale. Tena si maji ya kisima, maana yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa. Alikwenda kununua ya mfereji.

"Watu tunakunywa ya chumvi," Nyevu akasema, "gari linakunywa matamu. Haya, dunia imekwisha."

Lakini alikuwa akimpenda mkwewe yule, hata kama asingekubali kusema.

Kilichomsumbua Kamande ni kitambaa. Kitambaa cha mwisho, cha kutoa mng'aro, lazima kiwe pamba tupu, kikuukuu, kilichofuliwa mpaka kimesahau kama kiliwahi kuwa kipya. Shati za nailoni zinachora. Blanketi linatoa manyoya. Fulana za mitumba alizinunua zote sokoni zikamwishia. Jioni alikuwa akitoa gari juani anaona nywelenywele zimejaa kwenye boneti, anashika kichwa. Kache alikuwa akimtazama kutoka kwenye cherehani yake barazani. Kache ni fundi wa nguo, kasoma mpaka darasa la saba, anavaa viatu hata akienda chooni.

Kisha mwezi mmoja mambo yakageuka. Magari yakaanza kutoka bandani yanameta mpaka unaona aibu kuyatazama. Nyevu mwenyewe alijisogeza kwenye mlango wa pikapu moja ya buluu akajiona mpaka pengo la meno. Akaenda kutamba kisimani. Harufu fulani ilikuwa ikimjia kwenye yale magari, harufu anayoijua, lakini akasema labda ndivyo dawa ya Wataliano inavyonuka.

Ndipo akaja Lewa. Lewa ni mkandarasi wa Malindi, Mgiriama mwenzao aliyetajirika, ana tumbo na ana Mercedes nyekundu ya damu ya mzee. Binti yake anaolewa Jumamosi. "Bwana Kamande," akasema, "bibi arusi atatoka humu ndani. Likimeta, magari yangu yote manne ni yako kuyang'arisha, na wenye hoteli nitawaleta kwa mkono wangu. Lisipometa, nitawaambia watu wote wa Malindi umefanya nini." Akaliacha Jumatano.

Alhamisi asubuhi Nyevu aliletewa habari kwamba nduguye wa kule Adu anatoa hitima ya mumewe, na wanawake wazima watacheza. Basi akaenda kutoa hando lake.

Hando ni lile vazi la mama zetu, la marinda, kitambaa cheupe cha pamba, tabaka juu ya tabaka, linakaa kiunoni mwanamke akitembea linacheza lenyewe. La Nyevu alishonewa na mamake alipoolewa. Miaka zaidi ya thelathini amelipaka mafuta ya mbono kwa mkono wake, limelainika kama sikio la ndama. Alizaa akiwa nalo, alimlilia mumewe akiwa nalo, na alishasema mbele ya mashahidi kwamba ndilo atakalozikwa nalo. Chumba chake kilivuja masika yale, kwa hiyo sanduku alikuwa amelihamishia chumbani kwa Kache.

Akafungua sanduku. Ndani kuna kamba. Ile kamba ya kiunoni inayoshika marinda, imezungushwa vizuri, imewekwa katikati kama nyoka aliyelala. Hando hakuna.

Nyevu alikaa chini. Akaipapasa ile kamba. Akainua sanduku akalikung'uta, kana kwamba nguo ya dhiraa zote zile inaweza kujificha kwenye ufa. Kisha akasimama, akatoka mbio kwenda kumwita mkwewe amfukuzie mwizi.

Kamande alikuwa ameinama juu ya boneti ya Mercedes, mkono unazunguka, unazunguka. Na mkononi ana rinda.

Nyevu alilijua kabla macho hayajafika vizuri. Pindo lile lilikuwa na uzi mwekundu ambao mamake aliutia wa kukinga macho ya watu. Sasa lilikuwa jeusi kwa dawa. Akageuza macho: kwenye kamba ya nguo yameanikwa marinda mengine, kumi, kumi na mawili, yamekatwa sawasawa kama mikate. Ile harufu. Mbono! Mwezi mzima magari ya watu yamekuwa yakinuka kiuno chake yeye, na yeye anatamba kisimani.

Hakupiga kelele. Alisogea mpaka kwenye boneti.

"Umeshika nini?" akauliza.

"Kitambaa, mama. Kizuri sana hiki, sijawahi kuona—"

"Cha nini?"

"Cha pazia. Kuukuu. Kache ali—" Hapo akamwona uso. Kamande si mjinga, na hata kwao Murang'a mama mkwe ni mama mkwe. Akatazama rinda, akatazama kiuno cha mwanamke mzima aliyesimama mbele yake, akaelewa. Kitambaa kikamtoka mkononi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo.

"Mungu wangu. Mungu wangu, mama."

"Nani amelikata?"

Cherehani barazani ilikuwa imesimama.

"Mimi," akasema Kamande.

"Wewe."

"Mimi, mama. Nilifungua sanduku. Sikuuliza."

"Haya. Ulianzia wapi?"

"Kukata? Nilianzia... hapa chini."

"Mwongo!" Sasa sauti ilipanda. "Hili halikukatwa kwa kuanzia chini. Hili limefumuliwa kiunoni, fundo kwa fundo, na kamba ikatolewa nzima. Mafundo haya hayajui mwanamume wa Mnarani, atayajua wa Murang'a? Niliyemwonyesha ni mmoja. Nilimweka mapajani ana miaka saba nikamwonyesha!" Akageuka barazani. "Kache! Njoo na mkasi wako!"

Kache akaja. Hakuja na mkasi. "Mayo, mama yangu, lilikuwa limelala tu," akasema, anatazama viatu vyake. "Siku hizi nani anavaa? Wenzangu kanisani wananiuliza kama mamangu bado anavaa matambara. Mume wangu alikuwa anakosa kazi. Na kamba nilikuwekea."

"Kamba uliniwekea!"

Pale pale gari likaingia uwanjani. Lewa, kaja kutazama kazi. Kamande akawa rangi ya majivu, na Nyevu aliliona hilo, na akaliona lingine: Lewa ni Mgiriama, analijua hando. Akijua kwamba gari la arusi ya mwanawe linafutwa kwa nguo ya kiunoni ya kizee, tena iliyoliliwa matangani, banda litafungwa jioni hiyo hiyo, na Kamande hatashika gari lingine kuanzia hapa mpaka Malindi. Neno moja tu. Na neno Nyevu alikuwa nalo mdomoni, la moto.

Akainama akaokota rinda, akalitia chini ya leso yake. Akaenda kwenye kamba akayaanua yote, moja moja, kama anaanua nguo za nyumbani. Hakuharakisha.

"Hujambo mama," Lewa akasema. Akapitisha kidole kwenye boneti. "Ala! Hili ni gari langu kweli? Na linanukia nini?"

"Mbono," akasema Nyevu. "Mkwe wangu anatia mbono. Ndiyo siri yake, usimwambie mtu."

Lewa akacheka mpaka tumbo likacheka, akaondoka.

Lilikuwa limebaki paa, buti na milango yote. Kamande alisema hatagusa tena lile rinda hata akatwe mkono. "Wala hutaligusa," Nyevu akamjibu. "Kache, zile leso zako za arusi. Jozi sita. Lete."

"Mayo, zile sijazivaa hata moja!"

"Lete."

"Mama, mpya zina uwanga, zitachora," Kamande akasema kwa sauti ndogo.

"Basi azichemshe."

Alizichemsha, akazisugua kwenye jiwe, akazichemsha tena, siku nzima, mpaka maua yake yote yakahamia kwenye maji. Kisha mamake akamsimamia akazikata kwa mkasi wake mwenyewe, huku analia. Kamande akazipaka mbono akamaliza gari Ijumaa. Jumamosi likapanda feri na maua na vigelegele, watu wote wa kivukoni wakashika midomo. Boneti ilikuwa inameta kuliko kwingine. Walioona hilo ni wawili tu, Nyevu na mkwewe, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Yale marinda Nyevu aliyazika nyuma ya nyumba, peke yake.

Kache alishona hando jipya kwa mkono, miezi saba, bila cherehani. Alipomletea lilikuwa jeupe pepepe, gumu kama gazeti. Nyevu akalibonyeza kwa kidole. "Liweke," akasema. "Likija kulainika mimi nimeshaoza."

"Mayo, hujanisamehe?"

"Nimekwambia liweke."

Lewa alitimiza, hoteli zikaja, Kamande akaongeza banda la pili. Nyevu alipanda mibono kando ya ua, akawa anakamua mafuta mwenyewe. Kila Ijumaa anatia kwenye chupa, anapita mbele ya baraza aliyokaa Kache, hakanyagi hata ngazi yake, anakwenda kuiweka chini ya nguzo ya mvinje ili mkwewe aikute. Ile kamba ya zamani aliifunga kiunoni chini ya leso, na akawaambia majirani, siyo binti yake, kwamba siku ya siku, wakimzika, wasimfungue.