Zawadi za Watoto wa Kule, na Pea Moja Inayopanda Saizi

Admin, ficha jina langu, maana wateja wangu wengi wako kwenye huu ukurasa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nauza viatu vya mtumba Daraja Mbili, Kisii. Nilianza na pea sita juu ya gunia. Leo nina kibanda cha mabati na wasichana wawili niliowaandika kazi. Nyumbani ni upande wa Ikonge. Nina wavulana watatu, na baada ya yule wa mwisho daktari alisema nisibebe mimba tena.

Mume wangu ni fundi wa mashine za viwanda vya majani chai. Miaka mitano sasa huitwa kazi Tanzania, kule nyanda za kusini, kila baada ya miezi minne, anakaa wiki tatu. Safari ya kwanza alirudi akaniambia watoto wa kijiji anacholala humfuata nyuma wakiita "mgeni, mgeni", naye anaona aibu kwenda mikono mitupu. Nikamwambia, hiyo niachie mimi.

Nikiwa darasa la tatu mgeni alituletea wanasesere watano, na sisi tulikuwa watoto arobaini. Mpaka leo nina kovu la kucha kwenye shavu. Kwa hivyo sheria yangu ni kitu kidogo, chepesi, cha bei ya chini, na kila mtoto apate kile kile. Penseli yenye kifutio. Vibanio vya nywele. Kamba ya kuruka, na mpira mmoja wa darasa zima. Peremende hapana, nani atawang'oa meno huko? Na asigawe barabarani kama mtu anayelisha kuku, ampe mwalimu agawe. Alifuata yote. Nilijivunia, sitadanganya.

Miaka miwili iliyopita akaniambia, "Mama Dani, ongeza pea moja ya viatu. Kuna yatima pale, mwalimu ameomba. Saizi ishirini na mbili."

Nikachagua pea nzuri, nikaipiga brashi na sabuni, nikabadilisha kamba. Safari iliyofuata akaomba 23. Halafu 23 tena, 24, 25, 26. Haijawahi kurudi nyuma, haijawahi kuruka. Sisi watu wa viatu tunajua mayatima kumi wana miguu kumi tofauti. Saizi zikipanda hivyo, huo ni mguu mmoja unakua. Na aliyevaa 22 wakati ule alikuwa ndio anashika kutembea. Sasa ana miaka mitatu na nusu. Mume wangu ana mitano akienda huko.

Mama wa ndizi tunayekaa naye sokoni alinicheka. "Wee, hiyo shule ina yatima mmoja tu? Hao wengine wazazi wao wanakula nini wasikufe?" Nikacheka pia. Ni mdomo tu uliocheka.

Wiki hii ameomba 27. Nikaweka mtego. Sikuweka saizi mbaya, hiyo angeisoma chini ya soli. Niliweka 27 kamili, lakini nyembamba. Akaishika, akaipima kwa kidole gumba.

"Mama Dani, hii itambana hapa mbele. Mguu wake ni mpana."

"Wa nani?"

Akairudisha pea mezani. "Si ni huyo mtoto wa mwalimu."

"Ni wa mwalimu, au ni yatima?"

"Wewe nawe! Umekuwa polisi? Ni viatu tu."

"Anaitwa nani?"

"Nitajuaje majina, watoto wote hao?" Akachukua ndoo akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa nimeshamkamua.

Wavulana wangu wote watatu wana miguu mipana mbele. Hawakuitoa kwangu.

Juzi nikifua koti lake nikapata barua ya mwalimu wa kule, ya shukrani, na orodha ya waliopokea penseli safari iliyopita. Neema, Tumaini, Furaha, Lusajo. Wa kumi na saba, Bosibori.

Nikakaa chini na povu mikononi. Bosibori ni jina la Kikisii, na kule hakuna Mkisii ila huyu wangu. Bosibori ni marehemu mama mkwe. Sisi jina la marehemu haliachwi kaburini, linarudi kwa mjukuu. Hilo lilikuwa linangoja kwangu, nami nikazaa wavulana. Kila Desemba mashemeji wananiuliza, "Na mama atarudi lini?" Mume wangu huangalia chini. Nilidhani ananihurumia.

Labda mwalimu alimpenda tu mgeni, akamwomba jina la kumpa mtoto. Inawezekana. Lakini mguu nao aliuomba?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lile gunia langu la kwanza nilipewa na mama mkwe. Alitoa kahawa iliyokuwa ndani, akalikung'uta, akaniambia, "Mwanangu, mwanamke asikae akingoja mfuko wa mtu." Kama kweli amerudi, amerudi kwa mlango wa mwanamke mwingine, na mimi miaka miwili namvalisha bila kujua. Nikimkataa huyo mtoto, namkataa yeye. Nikinyamaza, nabaki mjinga wa saizi.

Leo ni Sabato, sina soko. Anaondoka kesho asubuhi. Begi liko wazi mezani, penseli sitini zimo, vibanio vimo. Na nimepata 27 nyingine, nyekundu, pana mbele. Nimeipiga brashi tayari, iko mapajani mwangu.

Ndugu zangu, nisaidieni kabla zipu haijafungwa. Niitumbukize begini kimya kimya, au niishike mbele ya uso wake nimuulize? Na akikubali, huyo mtoto nimwite nani? Maana kwa desturi yetu, aliyebeba jina hilo mimi humwita mama.