Chumvi ya Mkono wa Falesi

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa natia chumvi kwenye sufuria ya Falesi. Jioni, mboga ikishachemka, husimama kwenye ua wa matete unaotutenganisha, akaita, "Shoga, njoo unisaidie." Nami naacha kazi zangu, naingia jikoni kwake, natia chumvi, naonja, narudi kwangu huku nanung'unika. Sina subira mimi, kijiji kizima kinajua. Nilishamwambia, "Siku nikifiwa kwetu Mbeya, wewe na baba yako mtakula kama wafungwa." Anacheka, lakini chumvi hagusi.

Si kwamba hajui kupika. Majani ya maboga aliyoyaunga kwa karanga sijayapata kwa mtu mwingine hapa Dowa nilikoolewa. Sababu ilikuwa mtoto. Falesi alijifungua mtoto asiye na uhai, wa kwanza na wa mwisho. Kwa Wachewa, mwanamke aliyefikwa na hilo hatii chumvi kwenye chakula cha watu mpaka afunguliwe, na wa kumfungua ni mumewe, kwa kulala naye usiku unaopangwa na wazee. Akitia kabla ya hapo, anayekula huanza kukohoa, hukonda, hufa. Mama yake mkubwa, Estele, ndiye aliyemweka kwenye mwiko huo. Kabla usiku wenyewe haujafika, mume akapanda basi kwenda kusini, kwenye migodi ya dhahabu ya Joni, akapotelea huko, hata salamu hakuleta.

Wazee wakatafuta mwanamume wa kukodi, amfungue badala ya mume. Falesi akakataa katakata. "Mimi ni mtu wa Yesu, mama mkubwa. Silali na mtu kwa ajili ya sufuria." Nilimpenda sana siku hiyo. Ila hapo ndipo alipokwama. Kwa ajili ya Yesu alikataa kufunguliwa kimila, na kwa hofu hakuweza kuamini kwamba Yesu amekwisha kumfungua.

Kanisani hakuna aliyemfikia kwa bidii. Alifundisha watoto nyimbo, alikesha na wagonjwa, blauzi yake nyeupe ya umoja wa akina mama ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Lakini tukiwa na mkutano, sisi tukipika, yeye anakimbilia kuni na maji. Wageni wakamwona mnyenyekevu. Mnyenyekevu wapi. Alijiona sumu, basi. Siku mchungaji alipohubiri habari za chumvi, Falesi alitoka nje kana kwamba ametajwa jina.

Baba yake, Mzee Sailesi, alikuwa mzee wa kanisa aliyestaafu, mwenye ulimi kama wembe. Kifua alikiharibu ujanani kwa vumbi la migodi hiyo hiyo ya Joni. Mwaka huo kilimzidi. Hospitali wakamrudisha nyumbani, wakamwambia wazi kwamba dawa zimefika mwisho wake. Jioni moja baada ya hapo Falesi akaniita kama kawaida. Naingia jikoni, namkuta mzee amejikokota mpaka kizingitini, amejifunga blanketi.

"Wewe Mnyakyusa, unakwenda wapi?"

"Kwenye chumvi, Mzee. Kwani leo umenisahau?"

"Rudi kwako. Nimekula chumvi ya Mbeya vya kutosha. Nataka ya mwanangu."

Falesi aliweka upawa chini. "Baba, usifanye hivyo."

"Nifanye nini? Kila asubuhi unapiga magoti kitandani kwangu, unamwomba Mungu aniondolee kifua. Huyo Mungu wa kuondoa kifua kizima anashindwa na kidole cha chumvi?"

"Nikikuua je?"

"Mwanangu, ninakufa." Alisema kwa upole, hata mimi nikainamisha kichwa. "Daktari amesema, na mimi mwenyewe nasikia. Nitakufa ukitia, nitakufa usipotia. Na Estele na kaka yako Biziweki watakusema vyovyote vile. Sasa mimi nataka nikiondoka nikuache unajua mikono yako ina nini. Haina kitu. Ni mikono ya mtu aliyebatizwa."

Falesi hakutia. Nilipotaka kutia mimi, mzee akaniambia nikigusa sufuria ile atanilaani kwa Kichewa na kwa Kinyakyusa. Nikaondoka na hasira zangu. Akaletewa mboga haina ladha, akaisukuma. Kesho yake hivyo hivyo, akanywa uji tu. Mtu amebaki mifupa, halafu anagoma kula. Nikamwambia Falesi uani, "Mwiko wako sasa ndio utakaomuua. Umeliona hilo au huna macho?" Maneno makali, najua, lakini nilikuwa nimechoka kumwonea huruma.

Jioni hiyo hakuniita. Nikasimama nyuma ya ua, nikatega sikio, maana umbea nao nimejaliwa. Nikamsikia anaomba pale mafigani, kwa sauti ya kawaida kabisa, siyo ile ya kanisani.

"Yesu, naogopa. Nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya. Ulimchukua mwanangu sikukuuliza kwa nini. Huyu ndiye niliyebaki naye. Wewe umesema nimekuwa wako, na mtu wako hawezi kuwa mkosi. Mimi silioni hilo, lakini nashika neno lako. Natia."

Nikasikia kifuniko cha sufuria.

Nikaingia bila hodi. Mzee anakula polepole, Falesi amepiga magoti mbele yake na jasho linamtiririka kama aliyebeba gunia. Mzee akakohoa. Falesi akashika mdomo, na mimi mwenye kelele zote hizi nikaruka. Mzee akatutazama.

"Mnaogopa nini? Nilikuwa nakohoa kabla hamjazaliwa." Akamega tena. "Imezidi kidogo. Mkono wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi."

Falesi akacheka na kulia pamoja. Tangu hapo alitia kila siku. Usidhani hofu iliondoka jioni ile. Aliniambia kila anapofungua kikopo cha chumvi anaomba maombi yale yale. Mzee alikula hivyo hadi tukamaliza kuvuna maharage, hata mashavu yakarudi kidogo. Kisha kifua kikakamilisha kazi yake. Alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye, akaenda zake.

Biziweki, kaka mtu, alifika kutoka Mponela kwenye duka lake la baiskeli, akakuta watu wamejaa. Alikuwa na uchungu, naye uchungu wake hutoka kwa njia ya maswali. Akaniita mbele ya mama mkubwa Estele.

"Shemeji, nimesikia maneno njiani. Chumvi ya baba ulikuwa unatia wewe, siyo?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Kusema kweli uongo ule ulikuwa tayari kwenye ulimi, na ningeusema kwa roho safi kabisa. Falesi akanitangulia.

"Ni mimi."

Wanawake waliokuwa wanaimba walinyamaza. Estele akakaa chini. "Wewe? Bila kufunguliwa?"

"Yesu alinifungua, mama mkubwa. Nimechelewa kumwamini, hilo tu."

"Umemuua baba," Biziweki akasema.

Falesi hakuinamisha uso. "Baba amekufa kwa kifua, kaka. Nimelia vya kutosha, wala sitalia kwa jambo nisilofanya."

Estele akaamuru asikaribie vyungu vya msiba. Falesi akasema, "Samahani, mama mkubwa," akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maharage, akatia chumvi, akakoroga mbele ya macho ya wote. Akawapakulia wote na nsima, ugali wa huku, akapiga magoti mbele ya kila mtu kama inavyotakiwa. Sisi wa umoja wa akina mama tulikula, na mchungaji alikula. Wengine wakasema hawana njaa. Sahani ya Biziweki ilirudi kama ilivyokwenda. Falesi aliipokea, akaifunika, akaendelea na kazi.

Tukazika. Jioni, watu wamepungua, tumekaa jikoni mimi na yeye, tunakwangua masufuria. Biziweki akatokea mlangoni, macho mekundu, na vumbi la makaburini bado limejaa viatuni.

"Ile sahani yangu ipo?"

Falesi akampa. Alikaa kizingitini akaishika muda mrefu, kisha akamega. Akala tonge la kwanza, la pili, halafu machozi yakaanza kumdondokea kwenye maharage, naye haachi kula.

"Baba alikuwa anakula?" akauliza. "Mwishoni huku, alikuwa anakula vizuri?"

"Alikuwa anamaliza sahani, kaka."

Biziweki akafuta uso kwa kiganja, akamnyooshea dada yake sahani.

"Basi niongezee."