Paa la Soko na Kimya cha Mamkubwa

Mamkubwa, dada yake mama yangu, kazi yake ilikuwa kuiuliza kompyuta swali moja: boriti hii ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ikibeba mzigo miaka nenda miaka rudi, itapinda kiasi gani? Kiwandani walimwita Bibi Polepole, naye akicheka, maana plastiki haina pupa. Hulegea kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia mkutanoni huku akijidai anasikiliza.

Mama alimfuata kiwandani, akafundishwa naye kazi yote. Kiti cha mkuu wa hesabu hizo za boriti kilipobaki wazi, mkurugenzi akampa mama, mdogo mtu. Mamkubwa alimpongeza kwa mdomo tu. Moyoni alivimba.

Ikaja kazi ya boriti za paa la soko. Vipande vya majaribio vilining'inizwa vikiwa vimefungwa vyuma vizito katika chumba cha kompyuta, ambamo kiyoyozi hakizimwi ili mashine zisichemke. Mama akailisha kompyuta vipimo vilivyochukuliwa katika baridi ile. Kompyuta haina ubishi. Ikasema paa litadumu. Mamkubwa alipita nyuma yake, akatazama, akajua papo hapo: chini ya mabati, jua likiwaka, boriti zile zitalegea mapema. Akameza mate, akaenda zake.

Mama akasaini.

Paa halikuua mtu, tushukuru. Lilibonyea tu, maji ya mvua yakatuama juu, wauza nguo wakatolewa na mizigo yao. Mkurugenzi hakutafuta mchawi mbali. Saini ilikuwa ya mama, na unga wa mama ukamwagika. Hakuna kiwanda kingine kilichomtaka.

Mamkubwa akaja kutupa pole! Alikaa kwenye kochi letu, akatueleza kwa ufundi wake wote jinsi joto lilivyoziponza zile boriti. Nilimchukia kwa kila neno. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, haya uliyajua lini?"

"Siku ile nilipopita mezani kwako."

"Na ukanyamaza?"

"Si wewe ndiye ulikuwa bosi? Ungeniuliza."

"Nikuulize nini, dada? Wewe ndiye uliyenifundisha kupima mle chumbani. Mimi niliamini mkono wako, wala si kompyuta."

Mama akainuka, akamfungulia mlango.